Taa niliyoibeba kutoka Aberdeen hadi Pipeline

Nairobi mwezi wa Julai kila mtu anailaumu baridi. Ukipanda matatu ni baridi, ukifika kwa mama mboga ni baridi, na kanisani mhubiri naye ameivalia kabuti. Mimi nimekuja likizo kutoka Aberdeen, kaskazini mwa Scotland, na ndugu zangu hawakubali ninapowaambia kwamba baridi ya Ulaya huzoeleka. Unanunua koti la maana, nyumba ina hita, maisha yanaendelea. Kinachomwangusha mgeni kule ni giza.

Desemba jua linachomoza saa tatu kasorobo asubuhi, na saa tisa unusu alasiri limeshazama. Ukiwa mtunza wazee kama mimi, unaingia zamu gizani na kutoka gizani. Mchana unauona kupitia dirisha la jikoni la wenyewe. Hapo mwili huanza vituko. Unalala masaa kumi na kuamka umechoka. Unatamani chapati, mkate na wali tu. Simu za nyumbani unaziangalia zikilia mpaka zinanyamaza, na nyumbani wanasema umeanza kuringa. Ukilalamika kwenye kundi la WhatsApp, wa kwanza atakuambia uombe, wa pili atakuambia hayo ni magonjwa ya wazungu.

La kuchekesha ni kwamba aliyeyapa maradhi haya jina, seasonal affective disorder, yaani huzuni ya majira, alikuwa mtu wa ugenini kama sisi. Norman Rosenthal ni daktari wa akili mzaliwa wa Johannesburg. Alipohamia Marekani alijiona akizimika kila majira ya baridi yanapoingia na kuchangamka yanapoisha. Mwaka 1984 yeye na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili kule Marekani walichapisha utafiti juu ya watu wanaoingiwa na huzuni kila mwaka majira yaleyale, na jinsi mwanga mkali ulivyowasaidia.

Taa ya mwanga huo, ndiyo niliyokuja nayo, ni bapa jeupe, haizidi sinia dogo. Naiweka mezani karibu na kikombe, kwa upande kidogo, umbali wa mkono mmoja. Ikiwaka unaona hata utando wa maziwa juu ya chai. Hutakiwi kuikodolea macho. Unakunywa chai yako, unasoma jumbe zako, mwanga unakupiga usoni. Inatoa luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), na kwa nguvu hiyo dakika 20 hadi 30 zinatosha, mradi iwe mara baada ya kuamka. Ndani ya jicho, upande wa nyuma, kuna seli ambazo kazi yake kubwa ni kuiambia saa ya ubongo kwamba kumekucha, na ubongo ukisikia hivyo unakata melatonini, ile homoni ya usiku. Ndiyo maana ukiiwasha jioni utakesha. Mwenye bipola (ugonjwa wa akili wa kuchangamka kupita kiasi na kuzama kwa zamu), mwenye ugonjwa wa macho, au anayetumia dawa zinazofanya ngozi au macho yasistahimili mwanga, aongee na daktari kwanza. Na ukiwa na huzuni inayokufanya uone heri usiwepo, usingoje taa. Nenda hospitali leo.

Tena taa hii haikupi vitamini D, ingawa wengi wetu huchanganya. Miale inayoitengeneza imechujwa makusudi. Uingereza hushauri mikrogramu 10 kwa siku majira ya giza, na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie kuzimeza mwaka mzima. Vidonge ni vya bei nafuu, sina zaidi la kusema hapo.

Sasa, Nairobi inahusikaje? Huku tofauti ya siku ndefu kabisa na fupi kabisa haifiki hata dakika 10. Lakini dada yangu anaishi Pipeline, mtaa wa Nairobi wa ghorofa zilizobanana, ghorofa ya kwanza, na dirisha lake linatazama ukuta wa ploti ya jirani. Ukinyoosha mkono unaugusa. Saa sita mchana balbu inawaka na tokeni za umeme zinakwisha. Ni fundi wa nguo, cherehani iko hapohapo chumbani, kwa hiyo kuna siku hatoki kabisa. Nilifungua programu ya kupima mwanga kwenye simu: pale kwenye cherehani haikufika luksi 100. Tukapanda juu kwenye kamba za nguo, mawingu ya Julai yametanda, jua halionekani popote, na namba ikapita 10,000. Taa yangu yote hiyo, bure, ngazi chache juu ya kichwa chake!

Sisemi dada ana ugonjwa wa Rosenthal. Nasema aliyejenga zile ghorofa ukuta kwa ukuta amewauzia watu Desemba ya Aberdeen kwa miezi kumi na miwili, na kodi anachukua kamili.

Nikamwambia, "Dada, panda na chai yako saa moja asubuhi, vifungo na pindo ushonee huko."

"Wewe umezoea kuganda," akanijibu. "Mimi nitakufa na nimonia." Lakini anapanda, amejifunga leso mbili, na siku hizi jirani wa ghorofa ya nne humletea mandazi. Afadhali hiyo kuliko jiko la makaa alilokuwa akiliwasha chumbani madirisha yamefungwa. Hewa ya makaa huua watu usingizini, na kila Julai tunasikia.

Taa nayo ameshaichukua. Plagi ya Uingereza ni hii hii yetu ya pini tatu, kwa hiyo sina pa kujitetea. Anasema ni ya kutungia uzi mweusi usiku. Mimi itabidi nitafute nyingine kabla saa za Uingereza hazijarudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, giza la jioni likaanza kuwahi.