Swali la Bi mkubwa: "Kamzaaje?"

Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, nilibatizwa mchanga, komunyo ya kwanza, kipaimara, kwaya, kote nimepita, Kanuni ya Imani naisema bila kufikiri. Na hiyo "bila kufikiri" ndo iliyonifanya niandike leo.

Nashona hapa Ngamiani, Tanga, na Bi mkubwa mmoja Muislamu. Ramadhani moja oda za kanzu na madira zimejaa mpaka juu ya meza ya kukatia, yeye anaweka lesi mimi napiga pindo, mara akasema mwanangu sikuulizi kwa ubaya, hivi nyie mkisema Mungu ana mwana, kamzaaje? Nikamwambia ndo imani yetu mama. Akanyamaza akaendelea na lesi yake. Ila mimi moyo haukunyamaza, maana kila Jumapili nasimama mbele ya Mungu natamka kwenye hiyo Kanuni ya Imani kuhusu Yesu, "aliyezaliwa bila kuumbwa", na siku ile nikaona kabisa kwamba sijui nasema nini.

Nikamwomba Kurani yake ya Kiswahili, ile tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy iliyotoka 1969. Akaniletea imefungwa kwenye kitambaa cheupe, akaniambia usiiweke chini. Nafika nyumbani nakuta Biblia yangu iko chini ya chaja na kadi za michango ya harusi. Nikaitoa, nikaifuta vumbi, nikaziweka zote mbili juu ya kabati. Hata kabla sijasoma mstari mmoja nilishafundishwa kitu.

Basi nikaanza na Surat Ikhlas, sura ya 112, fupi sana, "hakuzaa wala hakuzaliwa". Halafu kwenye Al-An'am, sura ya 6 aya ya 101, Kurani inauliza Mungu atakuwaje na mtoto na hali hana mke. Hapo nikasimama. Mbona hata sisi hatujawahi kusema Mungu ana mke? Sasa kama kuzaliwa tunakokusema sio huku kwa mume na mke, ni kupi?

Nikamfuata paroko, akanieleza kitu ambacho katekesi nadhani nilisinzia. Kwamba Ario, padri wa Aleksandria kule Misri, alifundisha kuwa Mwana ni kiumbe, kuna wakati hakuwepo, na maaskofu walipokutana Nikea mwaka 325 wakaweka maneno yale yale ninayoyasema mimi, "aliyezaliwa bila kuumbwa", kumjibu yeye. "Mwanga kwa mwanga", yaani Mwana katoka kwa Baba kama mwanga unavyotoka kwa jua, na jua halijawahi kuwepo hata sekunde moja bila mwanga wake. Nilitoka pale natetemeka kwa furaha jamani! Miaka yote hiyo nimebeba hazina mdomoni, na aliyenifanya niifungue ni mama wa Kiislamu mwenye sindano mkononi.

Nikaendelea na Surat Maryam, sura ya 19. Maryamu peke yake chini ya mtende, uchungu umemshika, anasema laiti angekufa kabla ya haya, anaambiwa atikise shina la mtende zitamwangukia tende mbivu. Nimezaa watoto wawili, nililia. Najua mapokeo yetu sisi yanasema alijifungua bila uchungu na mimi nabaki hapo, lakini ule upweke ulinirudisha kwenye Luka, nikaona kwa mara ya kwanza binti aliye mbali na kwao, nyumba ya wageni imejaa, mtoto analazwa kwenye hori la ng'ombe. Rozari, tendo la tatu la furaha, sijaweza tena kulipita mbio.

Jumuiyani kuna waliosema nitapotea. Nawaheshimu, wanasema kwa upendo, ila Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wetu, kwenye tamko la 28 Oktoba 1965 umeandika wazi kwamba Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima na kwamba wao wanamheshimu Maria. Na nisieleweke vibaya, sijasema dini zote ni moja. Kurani inakana Yesu kusulubiwa, mimi bila msalaba sina kitu. Tofauti hiyo sasa naijua kwa undani, zamani nilikuwa naisikia tu.

Wiki iliyofuata nikamjibu Bi mkubwa, nikamweleza habari ya jua na mwanga wake. Akachomeka sindano kwenye dira lake akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, kwangu Mungu hana mwana, hapo sitoki. Ila leo umenijibu."

Adhana ya adhuhuri ikaanza, akainuka na kopo lake kwenda kutia udhu. Mimi nikazima cherehani, nikafanya ishara ya msalaba, nikasali Malaika wa Bwana, sala ya mchana niliyoiacha tangu niko shule.