Kava la paka, ndani wanaume wawili

Novemba, malipo ya korosho yalipotoka, nilitimiza ahadi niliyompa binti yangu. Nikanunua sidii ya katuni kwa mchuuzi mmoja hapa Chikongola, Mtwara. Kava limeandikwa Tom and Jerry, paka na panya wamechorwa kwa rangi za kuwaka, pembeni "saa 2". Watoto wa majirani wakajaa mkekani. Deki ikanguruma, wakatokea wanaume wawili, mmoja mrefu, mmoja mfupi, nyeusi na nyeupe, mikwaruzo inashuka kama mvua.

"Mama, paka yuko wapi?"

Tukamsubiri. Dakika 40 zikaisha, katuni moja ikarudiwa mara mbili, paka hakuja. Watoto walikuwa wameshatoka mmoja mmoja.

Baadaye nikaitafuta habari yake. Kumbe hao nao ni Tom na Jerry kweli. Studio ya Van Beuren ya New York iliwatoa kati ya 1931 na 1933. Paka na panya, wa studio nyingine ya Marekani, MGM, walianza 1940. Tena Joseph Barbera, mmoja wa waliowabuni paka na panya, aliwahi kufanya kazi Van Beuren! Wasambazaji wa baadaye waliwabadilisha majina wale wanaume, wakawaita Dick na Larry, watu wasije wakachanganya. Basi aliyewarudishia jina la zamani akabandika na picha ya paka, alijua vizuri anachofanya.

Filamu za Marekani za enzi hizo zililindwa miaka 28, na mwenyewe asipohuisha hakimiliki, zinakuwa mali ya umma, yeyote ananakili na kuuza. Hapo sina ugomvi. Bila hivyo pengine zisingetufikia huku. Lakini kwa nini umchoree mtoto paka ambaye hukumwekea ndani?

Inaniuma kwa sababu katuni yenyewe nzuri. Wot a Night, ya kwanza kabisa, ina madereva teksi wawili wanaopeleka abiria kwenye kasri lenye mizimu, usiku wa mvua kubwa. Nimeirudia peke yangu, nikacheka mpaka machozi. Siku ile hakuna mtoto aliyeiona, macho yalikuwa yanatafuta paka.

Juzi nimelichana lile kava. Nimeweka karatasi nyeupe, nikaandika kwa maka peni: "Wanaume wawili, madereva teksi, mizimu. Nyeusi na nyeupe. Dakika 40." Binti yangu akaisoma taratibu, kidole juu ya maneno.

"Mizimu ya kweli?"

Nikampa aiweke kwenye deki mwenyewe.