Kisu cha Shosho

Kukata sukuma wiki hapa Nairobi si kazi ya ubao. Mama mboga hupanga majani jani juu ya jani, huyakunja mpaka yawe fungu gumu linalojaa kiganja cha kushoto, kisha kisu kinapita hewani mbele ya kidole gumba na nyuzi nyembamba za kijani zinadondokea kwenye beseni. Anayeiona kazi hiyo kwa mara ya kwanza hujikuta ameshika vidole vyake mwenyewe. Shosho, aliyeuza mboga kwenye kona ya mtaa wetu kule Umoja, aliifanya huku akimwuliza mteja mmoja habari za mtoto aliyekuwa na homa na kumkumbusha mwingine deni la nyanya. Kisu hakukitazama.

Kafyu ya korona ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, biashara yake ilibanwa vibaya. Kabla ya hapo watu walimjia wakitoka kazini, kuanzia saa kumi na moja hadi saa tatu usiku, kwa raha zao. Sasa ikifika saa moja jioni kila mtu alitakiwa awe ndani, na polisi hawakuwa na mzaha. Wateja wote wa jioni wakasongamana katika saa mbili tu, kila mmoja barakoa imemteremkia kidevuni, kila mmoja akitaka ya shilingi ishirini, "na unikatie ndogo ndogo, Shosho."

Kisu chake kilikuwa kile chembamba cha mpini wa plastiki kinachouzwa na wachuuzi kwenye foleni ya magari. Asubuhi alikisugua kwenye ukingo wa ngazi ya saruji, na mpaka jioni kilikuwa hakikati tena, kinasaga. Sukuma iliyosagwa hutoa maji na kuwa nyeusi kabla haijafika kwenye sufuria. Jioni moja nilikuwa wa sita au wa saba kwenye foleni, saa ikienda mbio, nikasema, "Shosho, kisu chako kimechoka."

"Kimechoka? Mimi ndiye niliyechoka. Kisu kina mgongo unaouma?"

Watu wakacheka. Mimi nikakumbuka katoni iliyokuwa chini ya kitanda changu.

Mjomba wangu alikuwa na bucha Soko la Burma kwa miaka mingi. Alipofunga na kurudi mashambani alinikabidhi vyombo vyake, labda kwa kuwa mimi ndiye pekee katika ukoo niliyerithi tabia ya marehemu baba ya kutotupa chuma. Kwenye katoni ile mlikuwa na kisu kimoja kikubwa, cha inchi kumi kilipokuwa kizima. Ncha yake iliishia ndani ya mfupa wa ng'ombe siku moja, na mpini ulikuwa umepasuka. Ubavuni palikuwa na muhuri uliofutika nusu, herufi chache tu za Sheffield, mji wa Uingereza unaosifika kwa visu, zikisomeka. Kilikuwa cha chuma cha kaboni, kile kinachopata kutu ukikiacha na maji usiku mmoja na kugeuka cheusi kikigusa ndimu. Wengi siku hizi hawakitaki kwa sababu hiyo. Kwangu hakuna chuma cha jikoni kinachokishinda, kwa kuwa kinanoleka upesi na makali yake yanakaa.

Kesho yake sikuanza na kisu. Nilichukua katoni, nikakata umbo la kisu kwa mkasi, nikampelekea Shosho kibandani. Akakishika kisu cha karatasi, akakunja sukuma za hewani na kuzikata, wateja wakimtazama kama amerukwa na akili.

"Kirefu," akasema. "Kata hapa." Nikakata. "Na ncha ya nini? Mimi simchomi mtu. Iviringe." Nikaiviringa. "Sasa huku kwa mkono, hapa kidole kinapokaa, kinanisukuma."

Tuliendelea hivyo mpaka tukabaki na kitu cha inchi sita na ushee, makali yamenyooka, mbele butu. Nisingelichora umbo hilo mwenyewe. Ukikata juu ya ubao unahitaji makali yenye tumbo kidogo, ili kisu kibembee. Anayekata hewani akipewa tumbo hilo, majani ya chini yanabaki yameshikana. Bahati ni kwamba kisu cha bucha hupinda kuelekea nchani tu. Karibu na mpini kimenyooka, na hapo ndipo chuma kilipokuwa bado kipana. Kwa hiyo cha kuondoa kilikuwa sehemu ya mbele.

Njia ya mkato ilikuwepo. Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, yupo mtu na grainda atakayekukatia kipande kile kabla hujamaliza kumsalimia. Sikwenda. Wembamba wa kisu ukikutana na jiwe linalozunguka kwa kasi vile, joto halina pa kukimbilia. Chuma kinapofika nyuzi 220 hivi za Selsiasi kinaanza kuwa na rangi ya majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau, na kikikaribia 300 kinakuwa buluu. Buluu hiyo wengine huiona nzuri, lakini palipoingia buluu ugumu umepungua, na hakuna kunoa kutakakourudisha. Kisu kitakata siku ya kwanza, na siku ya pili utakilaumu kiwanda. Tupa na jiwe la maji havina hatari hiyo. Vina hatari ya kukuchosha tu.

Nilikuwa na vaisi, kile kibano cha chuma cha mafundi, ndogo ya Gikomba, niliyoifunga kwa bolti kwenye ubao mnene, na ubao nikauegemeza kwenye ukuta wa veranda, orofa ya tatu. Kwanza mpini. Nilisugua vichwa vya ribiti, zile pini zilizoshikilia mbao, mpaka vikaisha, nikazipiga kwa msumari zikatokea upande wa pili, na mbao mbili zilizooza zikaanguka zenyewe. Chini yake kulikuwa na mafuta ya miaka yaliyogeuka lami. Hayo niliyatoa kwa maji moto na sabuni ya unga.

Kisha kukata. Niliijaribu tupa pembeni ya mgongo kuona kama itauma au itateleza. Chuma kigumu sana huikataa tupa, inapita juu yake ikilia tu. Hapa iliuma, kwa shida lakini iliuma, kwa maana visu vya bucha huachwa na ulaini kidogo ili vikubali kunyooshwa kwa kile chuma cha mviringo ambacho wauza nyama hukipigapiga siku nzima. Kwa tupa ya pembetatu nikachimba mfereji kuvuka ubavu mmoja, nikageuza, nikachimba mwingine mkabala wake. Baba alikuwa fundi wa vyuma katika karakana ya reli, na sheria yake ya tupa ilikuwa moja: inakata ikienda, haikati ikirudi. Ukiisugua mbele na nyuma unaiua meno. Nikawa naiinua kila nikirudi, na kuipaka chaki ili vumbi la chuma lisikwame.

Sauti yake sikuwa nimeifikiria. Wakati wa kafyu jengo zima lilikuwa nyumbani, walimu na madereva na watoto wote, na tupa juu ya chuma kigumu ni kelele inayoingia kwenye meno. Jirani wa chini akapanda kuuliza kama kuna mtu anachinjwa. Alipoona ninachofanya alivuta stuli akakaa, na tangu hapo kila nilipoanza kazi alikuja na chai yake na ushauri ambao hakuna aliyemwomba.

Mifereji ilipofika kina cha kutosha nikakibana kisu kwenye vaisi, mstari ukiwa sawa na midomo yake, nikafunika kwa gunia lililokunjwa, nikavaa miwani, nikapiga. Tak! Kipande cha mbele kikabaki ndani ya gunia. Nilikipeleka kwenye mwanga. Mahali kilipovunjika palikuwa pa kijivu, chembe zake laini kiasi kwamba huwezi kuziona moja moja. Chuma kilichochomwa kupita kiasi wakati wa kutengenezwa hakivunjiki hivyo, kinaonyesha chembe nene zinazometameta. Aliyekipika hiki miaka hiyo yote iliyopita aliijua kazi yake, na nilifurahi kumkagua.

Kuviringa mbele kulichukua muda mrefu kuliko vyote, kwa sababu niliteremsha kutoka mgongoni tu. Ningeweza kupandisha kutoka upande wa makali, ni kazi ya nusu ya jasho. Ila kisu ni kabari. Ukiyapandisha makali unayahamishia kwenye chuma kinene, na hata ukiyanoa mpaka yanyoe ndevu, bado kisu kitasukuma majani badala ya kupita kati yao. Mgongo ukiteremka kuyafuata makali, wembamba wote wa zamani unabaki pale pale.

Hata hivyo mjomba alikuwa amekinoa miaka mingi, makali yenyewe yamekwisha kupanda, na juu yake kidogo chuma kilikuwa kimeanza kunenepa. Nikakilaza bapa juu ya ubao, nikashika tupa kwa mikono miwili, ubavu ubavu, na kuivuta kuelekea kwangu kwa urefu wa kisu. Namna hii haili sana lakini inaacha uso ulionyooka. Baadaye msasa na maji, wa chembe nene kwanza kisha laini. Jirani alitaka ning'arishe mpaka ajione. Nilimwambia sukuma haitajitazama.

Mbao za mpini nilizitoa kwenye mpini wa jembe uliokuwa umevunjika. Matundu ya zamani kwenye mkia wa kisu nikayatumia kama kiolezo, nikatoboa mbao, nikapaka gundi ya tyubu mbili, nikapitisha ribiti mpya za shaba na kuzipiga vichwa taratibu kwa nyundo ndogo. Hapo nakiri kwamba nilijipa raha. Niliuchonga mpini kufuata katoni ya Shosho, nikaupiga msasa mpaka ukawa laini ajabu, nikaupaka mafuta. Ulikuwa mpini wa maonyesho.

Kunoa hakukuwa na maneno mengi. Jiwe lenye pande mbili juu ya kitambaa kilicholowa, mgongo umeinuliwa nafasi ya kidole cha mwisho, upande mmoja mpaka uusikie ule ukingo mdogo wa chuma uliogeukia upande wa pili, kisha upande wa pili, kisha upande laini wa jiwe, kisha ngozi ya mkanda wangu wa suruali. Nilikata ukurasa wa gazeti nikiwa nimeuning'iniza kwa vidole viwili. Jirani akaomba ajaribu, akaimaliza habari yote ya michezo.

Niliifunga kazi yangu kwenye gazeti lililobaki na kushuka nayo saa kumi, kabla msongamano haujaanza. Kutembea na kisu mkononi mtaani wakati ule hakukuwa jambo la kufanya ovyo, kwa hiyo nilikificha chini ya mafungu mawili ya vitunguu niliyotumwa kurudisha.

Shosho alikifungua, akakipima uzito, akaupitisha ukucha wake juu ya makali, akanyamaza. Akakunja sukuma. Sauti ilikuwa imebadilika. Kile cha zamani kilikwaruza, hiki kilikuwa na mlio mfupi mkavu, na nyuzi zikaanguka zikiwa zimeachana. Mteja wa kwanza akahudumiwa kabla hajamaliza kutafuta sarafu mfukoni.

"Hiki ni kisu," akasema.

Nikaanza kumweleza masharti: kisilale na maji, kipanguswe, usiku kipakwe tone la mafuta ya kupikia, la sivyo kutu.

"Kijana, nimelea watoto watano nikiwapangusa. Kisu kitanishinda?"

Akarudi kukata. Alikuwa akinyunyizia mboga maji kila baada ya dakika chache, kama wafanyavyo wote ili zisinyauke, na mikono yake ilikuwa imelowa hadi kwenye viwiko. Kwenye fungu la nne au la tano akasimama, akautazama mpini.

"Huu umeupaka nini? Unanitoka mkononi kama samaki."

Nilifungua mdomo nieleze kuhusu msasa. Hakunisubiri. Akachota chini ya meza yake mpira wa tyubu ya baiskeli, akaukata ukanda mrefu kwa kisu chenyewe, akaukaza kwa meno na kuuzungusha juu ya mpini wote, ribiti za shaba na kila kitu, mpaka hapakuonekana hata ukucha wa mbao. Akafunga fundo, akakamata sukuma, akajaribu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Foleni ilikuwa imefika kwa kinyozi. Nilichukua sukuma zangu, akakataa pesa, akanisukumia na fungu la terere juu yake. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka aliponiita.

"Wewe! Kile kipande cha mbele ulichokata, umekitupa?"

"Hapana, Shosho. Kiko nyumbani."

"Basi nitengenezee cha kumenyea waru. Na huo mpini usiuoshe na mafuta yako."