Taa ya Tairi Alfajiri ya Nyuzi 24 Chini ya Sifuri

Zamu yangu inaanza saa kumi na mbili kamili asubuhi, kwa hiyo saa kumi na moja huwa nimeshaketi garini mbele ya nyumba tunayopanga hapa Minneapolis, nikisubiri kioo cha mbele kiyeyuke. Wiki mbili za Januari nilisubiri huku nikitazamana na taa zilezile. Kuna alama ya chembe ya theluji, ambayo kwenye gari langu huwaka joto likishuka hadi nyuzi 3 za Selsiasi. Huku Minnesota, taa hiyo ikishawaka Novemba, utaiona karibu kila siku hadi Machi. Kuna ya maji ya waipa, maana chumvi ya barabarani inachafua kioo na galoni ya maji ya bluu inakwisha upesi.

Inayonikera zaidi mwendoni ni ya rada, kihisi cha mbele kinachopima umbali wa gari lililo mbele yangu. Nikishika barabara kuu ya 35W kuelekea Bloomington, malori yanarusha tope la theluji, linaganda kwenye bampa la mbele na kuziba kihisi. Gari linalia tii-tii, kisha yanatokea maandishi kwamba breki ya dharura inayojifunga yenyewe imezimwa. Maandishi yanakaa palepale ninaposoma mwendo, mpaka niyafute kwa kitufe kidogo cha kwenye usukani, nami nimevaa glavu nene, kiza bado, barabara inateleza. Hapo onyo lenyewe linanitoa macho barabarani.

Lakini nilikaa kuandika kwa sababu ya taa ya upepo. Ile ya manjano, mchoro wa tairi kama limekatwa kati, lenye alama ya mshangao ndani yake. Kila alfajiri iliwaka, na kila nikikaribia Bloomington, matairi yameshapata moto wa mwendo, ilizimika. Siku ya tatu nikaacha kuifikiria. Mazoea yana taabu.

Ijumaa moja dashibodi ilisoma -11 kwa Farenhaiti, sawa na -24 kwa Selsiasi. Taa ikawaka kama kawaida yake, nikaondoka. Siku hiyo haikuzimika. Usukani ulianza kuvuta kushoto, kidogo tu, nikadhani ni barafu. Nilipoingia kituo cha mafuta na kuinama na tochi ya simu, tairi la mbele kushoto lilikuwa limelala, na kati ya meno yake palimeta kichwa cha skrubu. Nilipima upepo: pauni 17 kwa inchi ya mraba. Linatakiwa kuwa na 35. Nilikuwa nimeendesha hivyo kwa mwendo wa barabara kuu. Nilipiga simu kazini nikiwa natetemeka, na haikuwa baridi peke yake.

Mchana nilimpigia kaka yangu, fundi mwenye gereji yake Ngamiani, Tanga. Kwao ilikuwa usiku. Nikamlalamikia kwamba gari la huku linapiga kelele za uongo mpaka la kweli likija mtu halisikii.

"Mdogo wangu, nani kakwambia taa ilikuwa inadanganya? Upepo ulikuwa umepungua kweli. Ulijaza lini?"

"Oktoba, kaka."

"Oktoba kulikuwa na baridi hiyo?"

Nikanyamaza. Hesabu yake ni hii: joto likishuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, tairi linapoteza kama pauni 1. Nilijaza 35 siku yenye nyuzi 15. Kufikia -24 zimeshaondoka pauni 7, na tairi zima lenyewe huvuja kidogo kila mwezi. Sheria ya Marekani inataka taa iwake upepo ukipungua kwa robo, na robo ya 35 ni karibu 9. Kwa hiyo nilikuwa ukingoni kila alfajiri, na moto wa mwendo ukinirudisha juu kidogo.

Sheria iliyoagiza taa hizi ilipitishwa mwaka 2000, baada ya watu wengi kufa kwa ajali za matairi kupasuka njiani. Ndiyo maana inaniuma kwamba kwenye gari langu, la 2018, baridi ya asubuhi na skrubu iliyozama ndani ya tairi vinapewa taa moja, rangi moja, bila kusema ni tairi lipi wala limebaki na ngapi. Yako magari yanayoonyesha namba ya kila tairi. Ningependa yote yaonyeshe. Dereva wa saa kumi na moja alfajiri anahitaji namba.

(Taa hiyo ikipepesa kama dakika moja ndipo itulie, kaka anasema hapo mgonjwa ni kihisi chenyewe, mara nyingi betri yake ndogo ya ndani ya gurudumu, wala si lazima upepo uwe umepungua.)

Pancha ilizibwa. Nilinunua geji ya mkono, inakaa kwenye mfuko wa mlango. Jumapili jioni, gari likiwa limelala tangu jana yake, nilisogea hadi kituo cha jirani. Mpira wa pampu ulikuwa mgumu kama fimbo, na kifuniko kimoja cha valvu kiliganda mpaka nikakishika kwenye kiganja kitupu kikaachia. Nikajaza yote manne hadi 35.

Jumatatu ilikuwa -22 kwa Selsiasi. Nikawasha gari, nikasubiri. Chembe ya theluji ilikuwepo. Ya tairi ilimulika mara moja pamoja na nyingine zote, ikazimika. Nikampigia picha kaka, nikamtumia.