Nguo iliyoumia

Jana jioni mjukuu wangu alimwagia mchuzi shati lake jeupe la shule. Nikalitia kwenye beseni, nikasugua sabuni ya mche palepale penye doa, na lile doa la manjano likageuka jekundu chini ya vidole vyangu. Mtoto akarudi nyuma hatua moja.

"Bibi, hii damu ya nani?"

Sikumjibu mara moja. Nilikuwa nimerudi kwenye mkeka wa chumba cha watoto cha maktaba yetu, Jumamosi ile tuliyowafundisha rangi kwa hadithi.

Wenzangu wa maktaba wanaikumbuka kwa wingi wa watu. Tuliandaa nafasi ya watoto 18 wa miaka 3 hadi 5, wakaja 31, wengine wamebebwa mgongoni. Mimi sikumbuki sana msongamano.

Maandalizi yalichukua wiki mbili. Vitabu vya rangi vilivyokuwa rafuni vilikuwa vya Kiingereza, nyeupe yake theluji, nyekundu yake matunda ambayo hayajawahi kufika sokoni kwetu. Tukaviweka kando, tukaiuliza lugha yenyewe. Kiswahili kina rangi tatu zenye maneno yake hasa: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingi ya zilizobaki zimechukua majina ya vitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, na manjano ni kile kiungo cha jikoni. Basi sinia ilijipanga yenyewe: jani la mpapai, jivu ndani ya kopo la kioo lililofungwa vizuri, kiganja cha buni zilizokaangwa, mizizi ya manjano, chungwa moja. Zambarau tuliiacha kwa kuwa matunda yake yalikuwa yamekwisha mtini. Picha ingeziba pengo, lakini mtoto mdogo hujifunza rangi kwa pua na ulimi pia, na picha haina harufu.

Zile tatu ndizo zilizotusumbua, maana hazitulii. Kitambaa cheupe, yai jeupe, maziwa meupe, unga mweupe, nguo nyeupe: mtoto wa miaka mitatu amesikia maneno matano hapo. Kijani haihangaiki, iwe cha kijani au la kijani, sikio linadaka sauti ileile. Kwa hiyo hadithi tuliiandika upya mara nne mpaka weupe na wekundu ukakaa kwenye vitu vya ngeli moja tu: nyumba nyeupe, karatasi nyeupe, nguo nyeupe, nyanya nyekundu, nguo nyekundu. Neno "kitambaa" lilipigwa marufuku siku hiyo. Msimuliaji akiteleza mara moja, kazi ya robo saa inavurugika.

Rangi tulizokusudia mwanzo zilikuwa saba. Tulipopiga hesabu ya nusu saa, tukaona kila rangi inahitaji si chini ya dakika tano ili mtoto aione, aishike, aisikie na aitamke. Zikabaki nyeupe, manjano na nyekundu; vitu vingine vya siniani vikawa vya kunusa na kushika wakati wa kuagana. Nyekundu na kijani hatukutaka kuzishindanisha hata kidogo. Wapo watoto, hasa wa kiume, ambao macho yao hayazitofautishi, na si haki mtoto kugundua jambo hilo mbele ya wenzake.

Nguo ya hadithi, tuliyotaka ibadilike rangi mbele ya watoto, ilikuwa bafta, vipande vya nusu mita. Cha kwanza kiliharibika. Tulikifua kwa sabuni kutoa wanga wa dukani, hatukukisuuza vya kutosha, na kilipoingia kwenye manjano kikatoka na mabaka mekundu. Manjano ndiyo tabia yake: ikikutana na sabuni ya mche au magadi, ambavyo ni besi, yaani kinyume cha asidi, hugeuka nyekundu, ikikutana na limau au siki, hurudi manjano. Cha pili tulikisuuza maji matatu. Vijiko viwili vya chakula vya manjano ya unga kwenye nusu lita ya maji, moto mdogo kwa dakika 15, chuja kwa kitambaa chepesi ili chenga zisiache madoa, tumbukiza bafta kwa nusu saa, kisha anika kivulini, maana jua hula rangi hiyo haraka kuliko mtu anavyodhani. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo tuliyoijaribu usiku haikubadili kitu. Ya mche, iliyokwanguliwa na kuyeyushwa kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, ilibadili papo hapo. Magadi yana nguvu zaidi, lakini hayo hayawekwi karibu na macho na vidole vya watoto.

Na kiti cha msimuliaji tulikihamisha. Kilikuwa kimepeana mgongo na dirisha, na kitu kinachoshikwa mbele ya mwanga huo watoto hukiona cheusi, hata kiwe na rangi gani. Tukakigeuza, mwanga ukaiangukia nguo.

Tulianza na kitendawili. "Nyumba yangu haina mlango." Wakapiga kelele, "Yai!" Nikalivunja bakulini, weupe na manjano vikaonekana. Ikaja hadithi ya nguo nyeupe iliyotaka kwenda harusini. Yote hayo yalikwenda upesi.

Kisha nikaitandaza ile nguo ya manjano kwenye ubao, nikachovya kidole kwenye maji ya sabuni, nikachora mstari polepole kutoka juu hadi chini. Kwa nukta moja ulikuwa unyevu tu. Halafu wekundu ukapanda, kwanza pembeni ya mstari, ukaingia katikati, tone likateremka peke yake hadi upindo. Chumba kizima kikanyamaza; nikasikia feni.

Mbele kabisa, magoti yamegusa ubao, alikaa binti wa miaka minne hivi. Alikuwa amehudhuria Jumamosi tatu bila kutamka neno. Mama yake alikuwa amenieleza kwamba nyumbani anaongea, nje hafungui kinywa. Akanyoosha mkono, asiguse, akaacha kidole karibu na tone lile.

"Imeumia," akasema.

Mpango ulinitaka niulize, "Hii ni rangi gani?" Swali lilikuwa mdomoni. Sikulitoa. Nikamkabidhi nusu ya limau, nikamshika kifundo cha mkono, tukaminya pamoja. Pale maji yalipopita wekundu ukaondoka, manjano ikarudi, safi, kama vile pamefutwa. Aliendelea kuminya mpaka limau likabaki ganda. Akaigeukia hadhira, watoto 30 na mama zao.

"Imepona."

Yaliyobaki sina mengi ya kueleza. Watoto walipewa vipande vyao vya kupaka, mikono ikawa ya manjano hadi viwikoni, tukaimba, tukafunga. Alasiri nikajaza fomu ya taarifa. Lengo lilikuwa limeandikwa wazi: mtoto ataje angalau rangi moja kati ya tatu. Nilikuwa na orodha ya majina na kisanduku mbele ya kila jina. Kwa jina la binti yule kalamu ilisimama. Hakutaja rangi hata moja. Lakini aliiona ikija, akaiona ikienda, na aliyoyasema ndiyo maneno mawili ya kwanza kuyasikia kwake. Nikaacha kisanduku chake kitupu, nikageuza karatasi nikaandika nyuma yale maneno mawili. Kama kuna aliyewahi kuigeuza karatasi hiyo, sijui, na kama ningetia alama ya vema ningekuwa nimesema uongo au kweli, hilo nalo bado sijalimaliza moyoni.

Mjukuu wangu alikuwa bado anasubiri jibu. Nikamwambia alete limau na kisu, kisu nikishike mimi.

"La nini, Bibi?"

"Njoo uone."