Yakobo Akifika Mwaloni

Kila darasa la kipaimara linapoufikia Waraka wa Yakobo, hutokea kijana mmoja aliyekariri vizuri masomo yaliyotangulia akauliza: ikiwa tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, mbona huyu anasema kwamba imani pasipo matendo imekufa? Swali hilo ni la haki, na sisi Walutheri tuna sababu ya ziada ya kujikuna kichwa, kwa kuwa Martin Luther mwenyewe, katika dibaji alizoziandikia Agano Jipya la Kijerumani mwaka 1522, aliuita huo kuwa waraka wa majani makavu ukilinganishwa na Warumi, Wagalatia na vitabu vingine alivyovipenda zaidi. Hata hivyo, katika chapa hiyo hiyo, kwenye dibaji ya Warumi, aliandika kwamba imani ni kitu kilicho hai na chenye shughuli nyingi, kisichoweza kukaa bila kutenda mema, na ambacho hakingoji kuuliza kama kuna jema la kutenda kwa sababu kabla ya swali kwisha kimekwisha kulitenda. Wanaopenda kuikumbuka kauli ya kwanza, kwa kawaida, hawajapata kuisoma ya pili.

Mimi huwapeleka vijana kwa Ibrahimu, kwa sababu Paulo na Yakobo wote wawili wanamwita yeye kuwa shahidi na wote wawili wananukuu mstari ule ule wa Mwanzo 15:6, kwamba alimwamini Bwana, naye akamhesabia kuwa haki. Paulo, katika Warumi 4, anamtazama Ibrahimu katika usiku ule alipoambiwa azihesabu nyota, kabla hajatahiriwa na kabla hajafanya lolote la kujivunia. Yakobo anamtazama Ibrahimu wa Mwanzo 22, aliye tayari kumtoa mwanawe sadaka, na mwana huyo amekwisha kukua kiasi cha kubeba kuni mgongoni. Mtu ni mmoja, na kati ya sura hizo mbili imepita miaka mingi ya kungoja, kukosea na kusameheka. Paulo anauliza mtu anaingiaje nyumbani mwa Mungu, na Yakobo anamuuliza yule anayedai kwamba yumo ndani siku nyingi. Kumjibu mmoja kwa maneno ya mwenzake ndiko kunakozaa ubishi.

Ubishi wenyewe ulichukua karne kadhaa. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, ulitoa tamko lake kuhusu kuhesabiwa haki mwaka 1547, na haikuwa mpaka tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, ambapo Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja likisema kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema peke yake na si kwa stahili yetu, na kwamba Roho huyo tunayempokea hutufanya upya na kutuita tutende mema. Huku kwetu Walutheri na Wakatoliki walikuwa wamekwisha kuozana na kuzikana miaka mingi bila kungoja saini, lakini nashukuru kwamba ilitiwa.

Kwa hiyo mafundisho yenyewe hayaninyimi usingizi. Kinachonisumbua ni mahali tunapoyatafuta hayo matendo. Mwulize Mkristo wa Mwanza matendo ya imani ni yapi, naye atakutajia kwaya, fungu la kumi, sadaka ya mavuno, mchango wa bati za jengo jipya, na labda kutembelea wagonjwa. Karibu yote hayo hufanyika ndani ya uzio wa kanisa au kwa jina la kanisa, na mengine husomwa kwa kipaza sauti pamoja na kiasi na jina la mtoaji. Lakini watu wa Luka 3 walipomwuliza Yohana Mbatizaji, "Tufanye nini?", hakumtuma hata mmoja hekaluni. Watoza ushuru aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa, na askari aliwaambia wasimdhulumu mtu na watosheke na mishahara yao. Kila mmoja alirudishwa kwenye kazi yake mwenyewe, kwenye ile ile nafasi iliyokuwa ikimpa mwanya wa kuiba.

Sasa njoo naye huyo Yohana, au Yakobo, mpaka Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, asubuhi, dagaa wanapouzwa kwa sado, kopo la kupimia. Nilisimama siku moja karibu na mfanyabiashara mmoja, mama mwenye sauti nzuri ambaye huimba pambio huku akifanya kazi, nikawa natazama mikono yake. Alipokuwa akinunua kutoka kwa watu wa visiwani, aliijaza sado, akaitikisa, akaigonga chini mara kadhaa, akawashindilia dagaa kwa kiganja, kisha akaongeza mpaka kikasimama kilima. Alipogeuka kumwuzia mteja wa rejareja, aliwamwaga wale wale dagaa kutoka juu kidogo, taratibu, wakajipanga kwa kupishana huku katikati wakiacha hewa, akapitisha mkono juu kusawazisha, na mteja akaondoka na sado iliyojaa kwa macho tu. Chombo kilikuwa kimoja, chenye ujazo mmoja, na bado vilikuwa vipimo viwili, kwa maana tofauti ilikuwa mkononi. Kumbukumbu la Torati 25 inakataza kuwa na vipimo mbalimbali nyumbani, kikubwa na kidogo. Yeye hakuwa navyo, na hakuna mkaguzi wa vipimo ambaye angemkamata.

Kuna aya tunayoisoma karibu kila Jumapili kabla ya kupitisha vikapu, Luka 6:38: "Wapeni watu vitu, nanyi mtapewa, kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Tumeisoma katika sadaka kwa muda mrefu kiasi kwamba tumeigeuza kuwa ahadi ya riba. Lakini yeyote aliyepata kusimama Mwaloni anajua kwamba Bwana alikuwa anaielezea mikono ya sokoni, na sentensi inayofuata, ile ambayo wasomaji wetu wa Jumapili huikatia njiani, inasema kwamba kipimo kile kile mpimacho ndicho mtakachopimiwa. Simtaji mama yule kwa kumsuta, kwani karibu kila meza ilikuwa ikifanya hivyo, na mteja naye angalikuwa muuzaji angalifanya vivyo hivyo. Namtaja kwa sababu sidhani kama aliona uhusiano wowote kati ya pambio lililokuwa kinywani na sado iliyokuwa mkononi, na sidhani kama sisi tunaomfundisha tumewahi kumwonyesha.

Jambo la pili ni ujira. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa, zamani karabai za mafuta ya taa na siku hizi kwa wingi za sola, na mbalamwezi inapokuwa kali dagaa hawazifuati taa, kwa hiyo mitumbwi hupumzika. Kipindi hicho cha mapumziko ndicho cha mahesabu. Tajiri wa mtumbwi hufungua daftari, hutoa gharama za mafuta, chakula, matengenezo ya nyavu na mikopo ya vijana, kisha hugawa kinachobaki. Daftari ni lake, kalamu ni yake, na kijana aliyekesha ziwani kipindi kizima mara nyingi husikia tu kiasi kilichobaki bila kuonyeshwa kilivyopatikana. Hapo ndipo Yakobo anapoacha kuwa mwalimu wa darasa la kipaimara. Huyu huyu aliyeandika juu ya imani mfu katika sura ya 2, katika sura ya 5 anasema kwamba ujira wa wakulima uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na vilio vya wavunaji vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Sijui kwa nini tunazisoma sura hizo mbili kama nyaraka mbili tofauti. Ukimwuliza Yakobo mfano wa tendo, anakupa mkate na nguo kwa asiye navyo, na anakupa mshahara kwa aliyeufanyia kazi. La kwanza ni huruma, la pili ni deni, na nionavyo mimi wengi wetu tunapenda huruma kwa sababu inasifiwa, ilhali deni likilipwa hakuna anayepiga makofi.

Mwanza tuna sababu ya kuliona hili kwa uzito kuliko watu wengine. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu kabisa na bandari yetu, na MV Nyerere, kivuko chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimepakia kupita kiasi, wakafa zaidi ya watu 220. Tunawaombea marehemu, na tunafanya vyema kuomba. Lakini anayehesabu vichwa gatini na kumwambia wa mwisho, "Ndugu, wewe subiri safari ijayo," akivumilia matusi na kupoteza nauli, anatenda tendo la imani hata kama hakutaja jina la Yesu, na ninasema hivi nikiwa na uhakika kwamba wengine wataniona nimeishusha imani hadi kwenye kazi ya ukarani.

Hapo ndipo huja pingamizi lenye nguvu zaidi, ambalo kijana mmoja aliwahi kunitolea waziwazi. Alisema kwamba muuzaji mwenye sado ya haki kuliko wote anaowajua ni jirani yao Mwislamu, mama wa makamo, anayeshindilia anapouza kama anavyoshindilia anaponunua. Je, yeye ana imani na sisi hatuna? Nilimjibu kwa Warumi 2, kwamba watu wa mataifa wasio na sheria hufanya kwa tabia zao yaliyo katika sheria, nikaongeza jambo ambalo bado nalishikilia. Tendo jema peke yake halithibitishi kwamba mtu anamwamini Kristo, kwa kuwa mtu aweza kutenda haki kwa imani nyingine, kwa malezi ya nyumbani, au hata kwa kupenda tu wateja warudi. Lakini tendo la haki likikosekana, tena likikosekana kwa mazoea, linathibitisha kwamba kuna kasoro katika kile tunachodai kukiamini. Mashetani nao, asema Yakobo, waamini na kutetemeka, na hakuna anayewahesabu kuwa washarika.

Upande wa pili nao unastahili kutendewa haki, maana wapo wanaoogopa kwamba tukisisitiza matendo tutamwonea mgonjwa asiyeinuka kitandani na mzee asiye na senti. Hao wananitajia mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Bwana, aliyeokolewa bila tendo hata moja. Nami huwaomba wamsome tena katika Luka 23. Mikono yake na miguu yake ilikuwa imepigiliwa, kikabaki kinywa, na kwa kinywa hicho alimkemea mwenzake, akakiri kwamba wao wanapata malipo wanayostahili, akamtetea asiye na hatia mbele ya umati uliokuwa ukimdhihaki, ndipo akaomba. Alitenda yote ambayo mtu aliyepigiliwa aweza kuyatenda. Mungu hamdai mtu viungo asivyo navyo.

Viungo tulivyo navyo ndivyo tunavyovisahau. Kikundi chetu kilipanda hospitali ya Bugando alasiri moja, kikapita wodini kikiomba kitanda kwa kitanda. Kwenye kitanda kimoja alikuwapo bibi kutoka visiwa vya Ukerewe akimwuguza mjukuu wake. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukaomba, tena maombi marefu, yenye machozi. Tuliposema amina akatushukuru kwa adabu zote, kisha akasema: "Wanangu, sasa kati yenu ni nani anayeteremka chini aninunulie uji? Mimi nikitoka, mtoto huyu analia." Kimya kikapita, watu wakatazamana, na msichana mdogo kuliko wote, ambaye hakuwa ameomba kwa sauti, akachukua chupa ya chai iliyokuwa chini ya kitanda akatoka nayo. Yakobo 2:16, juu ya anayemwambia mwenye njaa aende kwa amani akashibe bila kumpa mahitaji ya mwili, haihitaji ufafanuzi mwingine. Sitaki kusema kwamba maombi yetu hayakuwa kitu, kwani bibi yule aliyataka, naye alilia pamoja nasi. Aliona tu kwamba yalikuwa hayajakwisha.

Ninayaandika haya kwa sababu ya neno lililozuka katika baraza letu la wazee. Tulikuwa tukipitia majina ya waliotengwa na Meza ya Bwana, na nikagundua kwamba orodha nzima ilikuwa na mambo ya aina moja: binti aliyepata mimba, mwanamume aliyeongeza mke, wawili watatu wa pombe. Nikauliza kama usharika huu umewahi kumtenga mtu kwa kuzuia ujira wa wavuvi. Mzee mmoja, mtu mwema ninayemheshimu, alijibu kwamba mambo ya namna hiyo hayana ushahidi. Nikamwambia, "Baba, ushahidi wa binti tumbo lake linautembeza mbele ya watu wote, ushahidi wa tajiri uko kwenye daftari analolibeba kwapani, nasi hatujawahi kuomba kuliona." Wengine walicheka, mchungaji hakucheka.

Tulikubaliana nilete pendekezo kwa maandishi, nami nimekwisha kuliandika. Linasema kwamba msharika yeyote mwenye mtumbwi, mbalamwezi inapofika na mahesabu yanapofanywa, amwombe mtu mmoja anayejua kusoma kutoka miongoni mwa wavuvi wake akae karibu naye na asome kila mstari wa makato kwa sauti kabla fedha hazijagawiwa. Asiyekubali tuzungumze naye kwanza faraghani, kama Mathayo 18 inavyoagiza, na akikataa tena, jina lake liingie kwenye orodha ile ile aliyoandikwa yule binti. Matajiri watatu wa usharika wetu wameniambia tayari kwamba hawatakubali, na mmoja wao ndiye aliyetoa bati.