Buibui wa Mbita na mbu aliyeshiba damu: picha za karibu zimefika wapi

Picha ninayoitafuta ni hii: Evarcha culicivora amemkamata mbu jike aliyetoka kunyonya damu, tumbo la mbu linaonekana jekundu, mdomo wake mrefu unaonekana, na macho ya buibui yako wazi kabisa. Buibui huyu mrukaji ana urefu wa takriban milimita 5 tu, na makao yake ni kandokando ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda. Mwaka 2005, Robert Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba hupendelea mbu wenye damu kuliko mawindo mengine. Mwenyewe hana mdomo wa kutoboa ngozi ya mtu, kwa hiyo damu anaipata kwa mgongo wa mbu. Kazi nyingi juu yake imefanyika hapa hapa Mbita, Kenya, katika kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu. Nami naona aibu kwamba watu wanampiga ndala kila siku bila kumjua. Ndiyo sababu ya mradi huu.

Vifaa havijabadilika: lenzi kuukuu ya 50 mm yenye pete ya kubadilisha tundu linalopitisha mwanga, nimeifunga kinyumenyume juu ya tyubu za kurefusha, zinazoiweka mbali na kamera ili ikuze zaidi. Ukuzaji ni mara mbili hivi. Kilichobadilika, na kilichobadilisha picha zote, ni mwanga.

Awali flashi ilikuwa inampiga buibui moja kwa moja. Macho yake makubwa mawili ya mbele ni kama vioo: yanarudisha umbo la taa. Ukipiga na taa tupu unapata vidoti viwili vyeupe vikali, na nyuma yake weusi mtupu. Tumbo la mbu nalo ni laini na linang'aa, kwa hiyo mwanga mkali unaacha doa jeupe juu yake na ule wekundu wote unapotea. Picha ya mbu aliyeshiba damu isiyoonyesha damu haina maana kwangu.

Sasa nimekata jalada la faili la plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, nikalikunja juu ya lenzi hadi ukingo wake ufike karibu sana na mdudu. Kati ya flashi na jalada nimeacha nafasi ili mwanga utawanyike kwanza, na pembeni nimebandika karatasi ya foili. Ukubwa wa jalada peke yake hausaidii; ukaribu ndio unaosaidia. Likiwa sentimita 3 kutoka kwa buibui, kwake ni sawa na anga nzima nyeupe. Picha za wiki hii zinaonyesha nywele za usoni moja moja, na ndani ya jicho unaona kina.

Na jicho hilo lina mambo! Retina zake, yaani tabaka za jicho zinazopokea mwanga, zinasogea ndani ya kichwa huku lenzi ya nje imetulia. Ukimtazama kwa muda utaona weupe na weusi vikihama ndani ya jicho. Sasa nangoja macho yote mawili yawe meusi, kwa maana hapo ananitazama mimi, ndipo nabonyeza.

Tundu nililinganisha f/8 na f/16 kwa buibui yule yule (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Kwa ukuzaji wa mara mbili, f/8 inafanya kazi kama f/24, na f/16 inakuwa f/48. Kwa tundu dogo hivyo picha nzima inapoteza ukali hata ukilenga vizuri namna gani. Nimebaki na f/8. Gharama yake ni kwamba sehemu inayoonekana kwa ukali ina kina cha robo milimita hivi, kwa hiyo lazima uso wa buibui uwe sambamba na kamera. Sizungushi pete ya kulenga. Naegemeza kiganja cha kushoto ukutani, nasogea mbele na nyuma kwa mwili, na napiga mfululizo. ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 200, shata sekunde 1/160, flashi kwenye 1/16 ya nguvu yake; mlipuko wake mfupi ndio unaogandisha mtikisiko wa mkono.

Saa nzuri ni asubuhi na mapema, mbu walioshiba usiku wakiwa bado wametulia ukutani. Anopheles, mbu wa malaria, ni rahisi kumtambua, anainua mkia juu. Mama mwenye nyumba ninakopiga picha ameniruhusu kuingia hadi stoo, na siku hizi ananiita mwenyewe: "Njoo, huyu wako yuko hapa."

Kinachonichelewesha ni nzi wa ziwa. Wanajaa ukutani kwa maelfu, na buibui wanawala sana. Kwa mbali wanafanana na mbu, lakini hawana ule mdomo mrefu. Picha nzuri kuliko zote nilizonazo ni ya buibui na nzi wa ziwa: macho safi, nywele safi, windo silo.

Wakati nikingoja windo lenyewe, nitaanza pia na vichaka vya lantana nje ya ua. Jackson na Fiona Cross wameonyesha kwamba harufu ya mmea huo inamvutia buibui huyu. Majani yanatikiswa na upepo wa ziwa, kwa hiyo nitahitaji kibanio cha kushika tawi, na jalada la pili, dogo, litakaloingia kati ya maua.